Lesotho na Katanga: kwa nini VVU viliwaelemea Wabasotho kuliko sisi, na kambi mpya za migodi zinatupeleka wapi

Mwalimu_wa_Kamalondo

Jambo yenu wote. Katika uzi uliotangulia juu ya maisha ya kambi za migodi, mmoja wetu aliandika kwamba Sida (UKIMWI) iliwamaliza watu wa kusini "kwa sababu ya mila zao". Maneno hayo yanarudiwa sana hapa Lubumbashi, hasa na watu waliofika Johannesburg mara moja wakarudi na begi la nguo, na kwa maoni yangu yanaficha mengi kuliko yanayoonyesha. Naomba tuichukue nchi moja tu, Lesotho, tuitazame kwa utulivu, kisha tujitazame wenyewe.

Lesotho ni nchi ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na watu wake, ambao ni zaidi kidogo ya milioni mbili, kwa makadirio ya kawaida hawawazidi wakazi wa mji wetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 22.7 ya watu wazima wanaishi na VVU: karibu 27 katika kila wanawake 100, na karibu 18 katika kila wanaume 100. Kwetu Kongo, uchunguzi wa afya wa 2013 na 2014 ulikuta asilimia 1.2 tu. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kutushangaza, lakini tazameni na tarehe. Mgonjwa wa kwanza wa Lesotho aliandikwa mwaka 1986. Kwetu, wanasayansi waliosoma vinasaba vya virusi walichapisha mwaka 2014 kwamba vilianza kuenea Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, tangu miaka ya 1920, vikafuata njia ya reli na kufika Lubumbashi kabla ya vita vya pili vya dunia. Reli ya BCK ilikuwa imeiunganisha Katanga na bandari ya mtoni ya Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, na kutoka hapo boti zilishuka mpaka Kinshasa. Kwa maneno mengine, virusi vilikaa nasi kwa miongo mingi kabla daktari yeyote hajavijua, katika mji wa migodi uliojaa wageni na pesa, na bado hatukufika hata sehemu ya kumi ya yaliyowapata Wabasotho.

Sasa, Wabasotho walifanyiwa nini ambacho sisi hatukufanyiwa?

Wanaume wao walianza kwenda almasi ya Kimberley katika miaka ya 1870, kisha dhahabu ya Witwatersrand baada ya 1886. Kodi ilidaiwa kwa pesa, ardhi nzuri ya bonde la mto Caledon ilikuwa imechukuliwa na Makaburu, na milima haikuweza kulisha kila mtu. Mkataba wa mgodi ulikuwa wa mwanamume peke yake. Alilala katika jengo la wanaume watupu, mke hakuruhusiwa kumfuata, na mkataba ukiisha ilimbidi arudi kwao ndipo asaini mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya wanaume 100,000 wa nchi hiyo ndogo walikuwa chini ya ardhi ya Afrika Kusini. Kwa sheria ya mwaka 1974 sehemu kubwa ya mshahara ilizuiliwa ikalipwa nyumbani, jambo ambalo serikali ililipenda kwa kuwa benki yake ilinufaika. Lakini mke aliyebaki kijijini alikuwa na shamba la kulimwa sasa, mtoto wa kulipiwa shule sasa, na pesa za baadaye. Mbele ya sheria alihesabiwa kama mtoto chini ya mumewe, hawezi kukopa wala kusaini mkataba bila ridhaa yake, mpaka sheria ya mwaka 2006 ilipoiondoa hali hiyo.

Hapo ndipo unapoiona ile inayoitwa bonyatsi, yaani uhusiano wa kudumu wa pembeni, unaojulikana na majirani lakini hausemwi mezani. Mwanamume ana mwenzake karibu na mgodi. Mke aliyebaki ana mtu anayemletea ng'ombe wa kulimia, kuni, pengine fedha ya sukari. Wengine husema ni mila ya kale, iliyotoka katika ndoa za wake wengi. Mimi naona hata kama mbegu ni ya kale, aliyeimwagilia maji kwa miaka 100 ni ofisi ya kuajiri wachimbaji.

Sisi tulipitia njia nyingine. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya Katanga iliyoanzishwa 1906, mwanzoni ilifanya kama wenzake: ilileta vijana wapweke kwa mikataba mifupi, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili siasa yake. Mfanyakazi akahimizwa kuja na mke, au kuoa, akapewa nyumba, posho ya unga ikapimwa kwa mke na kwa kila mtoto, zikaja shule za wamisionari na hospitali za uzazi. Haikuwa huruma, na wazee wetu wanajua jinsi mkuu wa kambi alivyotaka kujua ni nani amelala katika nyumba gani. Kampuni ilikuwa imechoka kugharimia watu wapya kila mara, ikataka kizazi cha pili cha wafanyakazi kizaliwe kambini. Ila matokeo yake ni kwamba bukari (ugali) iliiva katika nyumba moja, na mume na mke walilala chini ya bati moja.

Kambi tunazojengewa leo na migodi mikubwa ya Lualaba na Haut-Katanga hazifanani na za wazee wetu. Zinafanana na zile za Wabasotho: mume yuko kambini kwa zamu, mke amebaki mbali. Ndiyo hoja yangu, na ninawaomba mnipinge kwa sababu, si kwa hasira.

Dereva_wa_Mpakani

Mwalimu, asante. Mimi si msomi, ninaendesha lori. Ninashusha shaba na kobalti mpaka Durban, mara nyingine Dar es Salaam, na kurudi na salfa au chokaa. Nitaeleza tu yanayotokea kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa sababu watu wa mjini wanafikiri dereva anashuka kwenye lori na kutafuta malaya kama anayetafuta tairi.

Foleni inapokaa, mizigo na karatasi zisipotoka, pesa ya njiani inaisha. Kuna mama anakuja na sufuria yake, anakupa bukari na kisamvu kwa deni. Anakuletea ndoo ya maji ya moto ya kuoga nyuma ya lori. Safari inayofuata unampelekea sabuni na kilo mbili za sukari kutoka Zambia. Baadaye anakufulia shati, na unapofika unalala kwake kwa kuwa kwenye kabini kuna baridi. Wakati huo mwanamke huyo huwezi kumwita mteja wala malaya, na mke huwezi kumwita pia. Mara ya kwanza kapoti (kondomu) ilikuwapo. Baada ya miezi miwili hakuna anayeiuliza, maana kuiuliza ni kama kusema "sikuamini". Na yeye ana dereva mwingine, Mtanzania, anayepita wiki ambayo mimi niko Ndola. Ninamjua, tunasalimiana.

Hayo ya bonyatsi aliyoyaandika Mwalimu, sisi tunayaita biro ya pili na tunayacheka. Sijui kama kuna tofauti kubwa.

Mtumishi_Kenya

Ndugu zangu, ninasoma kwa heshima, lakini ninaona mnamtafutia mwanadamu kisingizio. Kampuni haimlazimishi mtu kuzini. Kuna waliokaa miaka mingi mbali na wake zao na hawakuanguka. Tatizo la nchi za kusini, na letu pia katika komini hii ya Kenya, hapa Lubumbashi, yenye nganda (baa) kila kona, ni kwamba wazazi wameacha kulea, wasichana wanavaa na kutembea wanavyotaka, na kanisa limeogopa kusema. Turudishe nidhamu ya mabinti zetu, nusu ya ugonjwa itaondoka.

Mwalimu_wa_Kamalondo

Mtumishi, sikukatazi kuhubiri uaminifu. Lakini jambo unalolipendekeza limekwisha kujaribiwa, tena na mfalme mwenye mamlaka ambayo wewe na mimi hatuna. Eswatini, ufalme mwingine mdogo wa kusini, nchi ya watu milioni moja na kitu, iliyokuwa ikiitwa Swaziland mpaka 2018, ilirudisha mwaka 2001 desturi ya kale ya umcwasho. Kwa muda uliopangwa kuwa wa miaka mitano, wasichana walikatazwa kulala na wanaume na kutakiwa kuvaa vishada vya nyuzi vinavyoonyesha kwamba hawajaguswa, na anayevunja atozwe ng'ombe. Mwaka huohuo Mfalme Mswati wa Tatu alichukua mchumba wa miaka 17, wasichana wakaandamana, na yeye akajitoza ng'ombe mmoja. Desturi ikaondolewa mwaka 2005, kabla ya muda wake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2006 na 2007 ukakuta asilimia 26 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wana virusi.

Tazama mzigo uliwekwa juu ya nani. Ulivishwa binti, wakati anayemwambukiza binti kwa kawaida si kijana wa rika lake. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika KwaZulu-Natal na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wasichana walio chini ya miaka 25 huambukizwa zaidi na wanaume wanaowazidi miaka minane hivi, wanaume wenye kazi, simu nzuri na pesa ya basi. Kumvisha msichana alama bila kumgusa mwenye pesa ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Na kuhusu wale waliokaa mbali wasianguke: wapo, ninawaheshimu. Siasa ya afya ya watu milioni mbili haiwezi kujengwa juu ya watu wenye nguvu za pekee.

Nirudi kwa Dereva, kwa maana amegusa kiini. Mtu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi sana katika damu kwa wiki chache, kabla mwili haujavipunguza. Mwenye mpenzi mmoja, akamwacha, akapata mwingine baada ya miezi, mara nyingi hupitisha kipindi hicho kikali kabla ya kumfikia wa pili. Lakini ikiwa wawili wako pamoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja wao ana wa pili wake, virusi huvuka wiki ileile. Idadi ya wapenzi katika maisha yote ya mtu yaweza kuwa ndogo, watatu au wanne, na bado kijiji kizima kikawa kimeunganishwa. Watafiti wanabishana ni kwa kiasi gani jambo hili linaeleza kusini mwa Afrika, na mabishano hayo hayajaisha. Lakini dereva wetu, yule mama wa bukari na yule Mtanzania tayari ni nyumba tatu au nne zilizofungwa kwa uzi mmoja, bila mtu yeyote kati yao kujiona mzinzi mkubwa.

Tena tusidhani kwamba daima ni mwanamume anayerudi na ugonjwa. Uchunguzi wa familia za wahamiaji wa kazi uliochapishwa mwaka 2003, huko huko KwaZulu-Natal, ulikuta kwamba kati ya ndoa ambamo mmoja tu ndiye mwenye virusi, karibu theluthi moja aliyekuwa navyo alikuwa mke. Wengi walishangaa. Mimi nashangaa kwamba walishangaa: nyumba ikipasuliwa, inapasuka pande zote mbili.

Muuguzi_Katuba

Jambo Mwalimu, jambo wote. Nimekuwa muuguzi kwa muda mrefu katika vituo vya Katuba na Kisanga. Hoja yako ni nzuri lakini umeruka kitu kikubwa, na kwa heshima zote nadhani umekiruka kwa sababu hakipendezi katika historia ya kampuni. Kitu hicho ni tohara.

Kongo karibu kila mwanamume ametahiriwa, Mkristo na Mwislamu, wa mjini na wa kijijini. Majaribio matatu makubwa, la Orange Farm huko Afrika Kusini lililochapishwa 2005, na ya Kisumu na Rakai yaliyochapishwa 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Waswazi waliiacha katika karne ya 19 kwa amri ya mfalme wao. Na Wabasotho? Hapa ndipo mambo yanapovutia. Wana jando lao, lebollo, vijana hupelekwa milimani, na mwanamume wa Lesotho akiulizwa kama ametahiriwa atajibu ndiyo bila kusita. Lakini katika jando hilo mara nyingi govi hukatwa sehemu tu, au hutiwa alama. Uchunguzi wa kitaifa wa 2009 ukakuta waliosema wametahiriwa wana virusi zaidi kuliko waliosema hawajatahiriwa. Kijana amepita jando, ameambiwa yeye ni mwanamume kamili, amesikia redioni kwamba tohara inakinga, anatembea akijua amekingwa, na mwili wake haukukingwa. Hatari hapo imetengenezwa na utamaduni na ujumbe wa afya vilipokutana bila kusemezana.

Kwa hiyo, kama unaniuliza kwa nini virusi vilivyofika hapa kwa treni havikutumaliza, mimi nitaweka tohara mbele ya nyumba za Union Minière. Kinshasa haikuwa na nyumba hizo, na Kinshasa nayo haikufika asilimia 20.

Hata vita, ambavyo kila mtu alidhani vitalipua ugonjwa huu Mashariki, havikuleta mlipuko huo katika takwimu. Mwaka 2007 wachunguzi walilinganisha nchi saba zenye vita, Kongo ikiwemo, na hawakupata ushahidi kwamba vita na ubakaji viliinua kiwango cha taifa. Ninayasema haya kwa uangalifu, kwa kuwa mwanamke mmoja aliyebakwa akaambukizwa si takwimu.

Baada ya kukupinga, nikuunge mkono kwa upande mwingine. Tohara humkinga mwanamume. Mwanamke hapati kinga hiyo moja kwa moja. Katika uchunguzi wetu wa 2013 na 2014 wanawake walikuwa asilimia 1.6 na wanaume 0.6, yaani hata katika nchi hii yenye kiwango cha chini mwanamke anabeba zaidi ya mara mbili. Sababu zake ninaziona kila wiki.

Mwanamke akianza dawa, swali lake la kwanza si madhara ya dawa. Ni "nitaiweka wapi?" Chupa ya ARV, yaani dawa za kupunguza virusi, ina sauti. Ukitembea nayo kwenye mkoba vidonge vinacheza, na wifi wote wa Katuba wanaijua sauti hiyo. Kwa hiyo anabandua karatasi ya jina, anajaza pamba ndani ya chupa ili visigongane, anaifunga katika kitambaa na kuizika ndani ya unga wa mahindi, kwa sababu mume haingii jikoni. Kisha mama mkwe anakuja kukaa, na jikoni ni pa mama mkwe. Siku hizo dozi hazimezwi. Huyo hakuacha dawa kwa ujinga, na ukimwandikia kwenye faili "mgonjwa mkaidi" umemwandikia uongo.

Na sisi watumishi wa afya tuna sehemu yetu. Katika kituo kimoja nilichopitia, ambacho sitakitaja, faili za wanaotumia ARV zilikuwa na rangi yake peke yake, na waliitwa kwa dirisha lao. Foleni ile ilikuwa tangazo. Kinshasa tangu 2010 kuna vituo vya jamii vya kugawia dawa, vinavyoendeshwa na watu wanaoishi na virusi wenyewe: mtu mwenye afya nzuri anachukua dawa za miezi mitatu kwa dakika chache na kwenda zake. Jambo dogo kama hilo linaokoa watu wengi kuliko mabango.

Mwalimu_wa_Kamalondo

Yaya Muuguzi, nimekubali kuhusu tohara, na nakubali kwamba iko mbele. Lakini nibaki na kipande changu. Waluo wa nchi ya Kenya kwa desturi hawatahiri, Wazulu nao waliacha, na huko kote kiwango kilipanda. Lakini miongoni mwa walioelemewa zaidi ni nchi hizi mbili ndogo, Lesotho na Eswatini, na mikoa ya Afrika Kusini iliyotoa wachimbaji. Tohara inaeleza mlango ulioachwa wazi. Uhamaji wa kazi unaeleza ni nani aliyekuwa akipita mlangoni humo kila mwezi kwa miaka 100.

Tena dhahabu ilipoanza kupunguza watu katika miaka ya 1990, Lesotho haikupata nafuu. Wanaume walirudi bila mishahara, na baada ya 2000, soko la Marekani lilipofunguliwa kwa nguo za Afrika, makumi ya maelfu ya wanawake walitoka milimani kwenda kushona jinzi katika viwanda vya Maseru na Maputsoe. Wakapanga vyumba vya safu, wakalipwa kidogo, wakarudi kijijini Krismasi na Pasaka. Safari hii aliyeondoka ni mke, na mume ndiye aliyebaki na kondoo. Kiwango hakikushuka.

Kijana_wa_Fungurume

Salamu wakubwa. Mimi ni mmoja wa hao wa kambini. Nadhani mnatutazama kwa mbali mno. Kambini kwetu kuna kliniki nzuri kuliko yoyote ya mji, kipimo ni bure, kondomu ziko kwenye kisanduku chooni, na pombe hairuhusiwi. Tunafanya zamu, tunapumzika, tunarudi nyumbani. Si kama Mbasotho aliyekaa mwaka mzima bila kumwona mkewe. Hatari haipo ndani ya uzio. Iko nje, kwa wachimbaji wa mikono, ambako kijana anapata pesa Jumamosi na Jumatatu hana hata ya mkate.

Na kama wakubwa wanataka turudi kwenye nyumba za Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ni nani atazilipa? Baba yangu aliondoka mwaka 2003 pamoja na wale zaidi ya 10,000 wa "kuondoka kwa hiari". Nyumba tulipewa, maji hayakutoka, mama aliuza makala (mkaa) na dada zangu walitoka shule. Ningependa mtu aandike pia juu ya hatari iliyoanza siku ile.

Mwalimu_wa_Kamalondo

Kijana wangu, umesema jambo zito kuliko yangu yote. Kweli, posho ilipokatika, tangu mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 mpaka hiyo 2003, waliobeba ni akina mama na mabinti, na kila muuguzi wa Likasi na Kolwezi anajua walibeba kwa njia gani. Siitamani kampuni irudi kuwa baba wa kila mtu, maana baba wa namna hiyo akifa, watoto wote ni yatima kwa siku moja.

Lakini kuhusu uzio, ngoja nikujibu. Kliniki ya kambini inakutibu wewe. Mkeo yuko Lubumbashi, binti unayemtumia pesa ya simu yuko nje ya geti, na hakuna kati yao aliye kwenye orodha ya kliniki hiyo. Wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini nao walikuwa na kliniki nzuri. Faili zilibaki mgodini, na mtu alirudi mlimani Mokhotlong na kikohozi bila karatasi. Ndiyo maana Lesotho ilibidi itoke nyumba kwa nyumba kupima watu, tangu 2005, kisha mwaka 2016 ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kumpa dawa kila aliyekutwa na virusi bila kusubiri kinga ishuke. Uchunguzi ule wa 2020 ulikuta watu tisa katika kila kumi wenye virusi wanajua hali yao, karibu wote hao wanatumia dawa, na kwa wengi wao virusi vimezimwa. Nchi maskini, ya farasi na theluji, imefanya hivyo. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na watumishi wengi wa afya wakarudishwa nyumbani. Eswatini nayo ilikuwa imekwisha kufika shabaha ya 95 mara tatu mwaka 2020, yaani asilimia 95 ya wenye virusi wajue hali yao, 95 ya hao watumie dawa, na 95 ya hao virusi vizimwe. Anayesema "mila zao ziliwamaliza" aeleze basi ni mila gani ilibadilika ghafla ndani ya miaka kumi na tano.

Mtumishi_Kenya

Nimesoma yote. Sitabadili ninachoamini juu ya dhambi, lakini neno la mzigo aliobeba binti limenigusa, nitalizungumza na akina baba. Niulize moja: ile desturi ya kumsafisha mjane, ambayo ndugu zetu Wabemba wa pande zote mbili za mpaka wanaiita kupyana, nayo ni kosa la kampuni?

Muuguzi_Katuba

Hapana Mtumishi, hiyo ni yetu. Mjane kulala na ndugu wa marehemu ili roho ya mume imwachilie ni hatari iliyo wazi, hasa kama mume alikufa kwa ugonjwa usiotajwa. Lakini angalia kilichotokea: katika familia nyingi, Zambia na hapa, wazee wenyewe waligeuza tendo hilo kuwa kumfunga mjane shanga nyeupe au kumpaka unga, na marehemu hakulalamika. Walioigeuza ni wenye desturi, baada ya kuzika wengi. Mimi naogopa zaidi kitu kingine katika msiba huohuo: ndugu kuchukua nyumba na sufuria. Mjane aliyesafishwa kwa shanga lakini amefukuzwa na watoto wanne atafika Kasumbalesa na sufuria yake ya bukari mapema kuliko mnavyodhani.

Mama_Bibiche_Katuba

Jambo, mimi huwa nasoma tu. Mdogo wangu ana mume kwenye kambi upande wa Kolwezi. Anarudi kila baada ya majuma kadhaa. Ana mimba ya miezi minne, na anataka wapimwe wote wawili. Mama mkwe amesema kumwambia mume apimwe ni kumtukana, na kwamba mahari haikutolewa kwa ajili ya hospitali. Yaya Muuguzi, afanyeje? Na kama mmoja akikutwa navyo, hospitali itamwambia mwenzake kwa nguvu?

Muuguzi_Katuba

Mama Bibiche, asante kwa kuuliza hadharani. Kwa nguvu, hapana. Sheria yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wanaoishi na virusi: kipimo ni kwa ridhaa na siri ni ya aliyepimwa. Mwaka 2018 ilirekebishwa, kifungu kilichomtisha mtu kwa jela kwa sababu ya kuambukiza kikaondolewa, kwa kuwa kilikuwa kikiwafukuza watu kwenye vipimo.

Mdogo wako asimwambie "twende ukapimwe". Ana mimba, na mimba ni mlango mzuri. Aseme daktari wa kliniki ya wajawazito anataka kumwona baba wa mtoto, jambo ambalo ni kweli katika vituo vingi. Wakifika wapimwe pamoja, waketi pamoja, wasikie majibu pamoja. Tone la damu la kidoleni, majibu ndani ya nusu saa. Mama mkwe hana sababu ya kujua kilichofanyika zaidi ya kwamba mwanawe ameisindikiza mimba.

Wakikutwa hawana wote, mdogo wako arudie kupima kabla ya kujifungua na wakati wa kunyonyesha, kwa kuwa mume anaendelea kwenda na kurudi, na maambukizo mapya katika kipindi hicho ni hatari sana kwa mtoto. Mmoja akiwa navyo, dawa zinaanza siku hiyohiyo ikiwezekana. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza kwa asilimia 96 kumwambukiza mwenzi, na tafiti zilizofuatilia wenzi kwa miaka hazikukuta hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi ambaye virusi vyake vimeshuka mpaka kipimo hakivioni. Mpaka kipimo hicho kithibitishe, kondomu ibaki, na asiye navyo aulize dawa za kujikinga.

Jambo la mwisho ni wakati. Mume akipata likizo, waende siku za mwanzo, wasingoje za mwisho. Kukiwa na la kuanza, apate nafasi ya kumeza dawa akiwa nyumbani, aone kama inamkubali, achukue dawa za miezi kadhaa na barua ya kuhamisha matibabu karibu na Kolwezi, kabla basi la kampuni halijapita kumchukua.